Kilo Kumi na Saba

Tulipoingia wa tisa kati ya mashua kumi
(ya kumi ilikuwa imerudi kumchukua mbwa),
Ndeonasia hakusema neno mpaka Kifaru.
Pale, taa za lori zikimmulika uso, akasema:
"Tatizo si upepo. Upepo tuligawiwa sawa."

Mashua yetu ilijengwa kwa starehe:
vitanda viwili, jiko la gesi, kabati la vikombe,
birika lililoning'inizwa lisimwagike.
Ya Daktari Lyatuu haina ndani hata kijiko.
Pale Nyumba ya Mungu, kila tukigeuza tanga
yeye ameshageuza, ameshakunywa maji,
ameshapata nafasi ya kututazama.

Nikaorodhesha. Mimi ni mtu wa karatasi.
Winchi mpya mbili: laki tisa.
Jarari isiyonyumbulika. Makapi.
Vibano vya meno, demani ishikwe bila fundo.
Tanga la tumbo kubwa, jekundu, la kwenda na upepo.
Hilo nililiandika mara mbili.
Mfukoni tulikuwa na laki nne na nusu.

"Kabla ya kununua, tupime," akasema,
akapanda darini, akashuka na mizani ya ndoano
ya marehemu baba yangu, uso wake wa shaba,
aliyoinunua mwaka alipochoka kuambiwa
kwamba kahawa yake imepungua njiani,
kati ya mgomba na lori la mnunuzi.
Mizani ile ilimharibia urafiki
na nusu ya Kibosho.

Tukafunga kapi kuukuu kwenye tawi la mparachichi,
hapa hapa Pasua, majirani wakichungulia,
tukapitisha kamba, tukaning'iniza gunia
la maharage, kilo arobaini kamili.
Nikavuta kwa mizani, taratibu.
Mshale ulifika hamsini na saba
ndipo gunia likaachana na ardhi.

Kilo kumi na saba.
Nani alikuwa akizila?
Miaka sita nadhani navuta tanga,
kumbe navuta kutu,
navuta vumbi la mashamba ya miwa
lililooana na grisi likazaa saruji.

Tukaweka kapi la kuazima, la fundi Munishi,
lenye beringi za pikipiki ndani yake.
Arobaini na tatu.
Ndeonasia hakucheka. Aliandika kwenye kiganja.

Usiku ule tuliacha gunia juu,
shubiri moja kutoka chini,
kamba yetu ya zamani imefungwa kwenye shina.
Asubuhi lilikuwa limeketi majanini,
limetulia kama mgeni anayesubiri chai.
Fundo halikulegea, kamba haikukatika.
Ilijinyoosha tu, kidogo kidogo, gizani,
kama inavyojinyoosha ziwani
huku mimi nikilitukana tanga.

Basi winchi mpya zikabaki dukani.
Zile za zamani tulizifungua juu ya meza ya chakula,
tukaziosha kwa mafuta ya taa, kipande kwa kipande,
tukakuta springi moja imevunjika
na badala yake tukatia ya kalamu.
Sasa zinalia kwa sauti ya cherehani.

Jarari mpya, makapi manne, vibano viwili:
laki nne na elfu kumi.
Iliyobaki ni petroli ya kwenda na kurudi.

"Na birika?" nikauliza. "Na jiko? Tupunguze uzito."
Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama.
"Birika halijawahi kukwamisha demani," akasema,
akalifuta masizi, akalirudisha kwenye ndoano yake.

Kesho alfajiri tunaondoka.
Maharage tumeyapika, yako kwenye sufuria ya safari.
Karatasi yangu ninayo, nimekata vilivyonunuliwa,
nimekata winchi,
na tanga jekundu nimelifuta,
mara moja.
Nililiandika mara mbili.